Jeshi Limeingia Shambani, Lakini Jeshi Lipi?

Simu ya mama iliingia saa kumi na mbili asubuhi, wiki moja kabla ya test ya kwanza. Nilikuwa mwaka wa kwanza, na mwaka wa kwanza simu ya alfajiri inakushtua kuliko matokeo. Hakunisalimia hata. "Mwanangu, jeshi limeingia."

Nyumbani ni Kongwa, kijiji kisicho mbali na Kibaigwa. Tuna ekari tatu za mahindi na ekari moja na nusu ya uwele. Mama akaeleza kwamba viwavi weusi wamekula uwele wa upande wa bondeni hadi umebaki mashina, na sasa wanavuka njia ya ng'ombe kuja kwenye mahindi. Wanavuka kabisa, kundi zima, kama watu wanaotoka mnadani.

Bumu lilikuwa limeingia siku mbili nyuma. Nikatuma elfu sitini. Kaka akazunguka madukani, siku ya kwanza akakosa dawa, siku ya tatu akapata, siku ya nne akapulizia. Siku ya tano mama akapiga tena, sauti imebadilika: "Dawa ni nzuri kweli. Hayupo hata mmoja." Nikalala vizuri. Wiki ile nikaishi kwa ugali na maharage ya mkopo, lakini roho nyeupe.

Baadaye kukawa na jambo dogo lililomsumbua mama. Jirani yetu hakununua hata tone la dawa, lakini shambani kwake nako viwavi walitoweka siku ileile. Mama akajiuliza, mwisho akafikia uamuzi wake: wale wadudu wanaondoka wenyewe, elfu sitini ya mtoto ilipotea bure.

Mwaka uliofuata viwavi wakaja tena. Safari hii mama hakunipigia. Alisubiri waondoke. Akasubiri wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hawakuondoka. Shamba ambalo mwaka wa kawaida linatupa gunia kumi na mbili likatoa nne. Jua nalo lilichangia, siwezi kuwasingizia viwavi peke yao, lakini gunia nne ni gunia nne. Mwaka ule mdogo wangu alichelewa kuanza kidato cha tano.

Mwaka wa kwanza mama alipulizia siku ambayo haikuwa na maana kupulizia. Mwaka wa pili alisubiri siku ambazo hakutakiwa kusubiri. Makosa mawili tofauti kabisa, lakini chanzo chake ni kimoja: wadudu wawili wanaoitwa kwa jina moja. Na nina hakika wengi wetu tunaosoma hapa Dodoma, tuliotoka Chamwino, Bahi, Mpwapwa, Kondoa, Manyoni au Kiteto, tumewahi kupokea simu kama ile tukajibu kwa kutuma hela bila kuuliza swali la kwanza kabisa: jeshi lipi?

Mimi nasoma takwimu, si kilimo. Haya ninayoandika niliyatafuta kwa hasira, baada ya gunia nne.

Kiwavi wa kwanza: mgeni wa mvua

Yule mweusi aliyevuka njia ni kiwavijeshi wa Afrika. Jina lake la kisayansi ni Spodoptera exempta. Huyu ni wa hapahapa barani kwetu, na wazee wanamjua tangu zamani.

Maisha yake yanafuata mvua. Wakati wa kiangazi nondo wake hubaki wachache wachache katika maeneo yenye unyevu kidogo, kama pwani na milimani. Hapo huwaoni, na hata viwavi wao huwa wa kijani au kahawia, wametulia kwenye nyasi, kila mmoja na lake. Mvua za kwanza zinapoanza, nondo hupaa usiku na kubebwa na upepo. Pale pepo zinapokutana na dhoruba ya mvua kushuka, nondo waliokuwa wametawanyika hukusanywa sehemu moja, hushuka, hupandana na kutaga mayai kwa wingi kwenye nyasi na nafaka changa.

Ndiyo maana kanda yetu ya kati ina sifa ambayo hakuna anayejivunia. Tanzania ya kati na mashariki ya Kenya ni kati ya sehemu ambazo milipuko ya kwanza ya msimu huanzia. Watoto wa mlipuko wa Dodoma au Kilosa wakishakuwa nondo, upepo huwapeleka Manyara, Arusha na Kilimanjaro, kisha Kenya, na msimu ukiwa mbaya hadi Ethiopia na kuvuka kwenda Yemen. Kwa hiyo shamba lililoliwa hapa Januari linaweza kuwa na uhusiano na shamba litakaloliwa mbali sana miezi michache baadaye.

Mlipuko mkubwa mara nyingi huja baada ya ukame. Inaonekana kama mkosi juu ya mkosi, lakini sababu ipo. Majani yanayochipua baada ya kiangazi kirefu yana lishe nzuri, na maadui wa viwavi wanakuwa bado wachache. Mvua ya kuachia nafasi, leo dhoruba kesho jua, ndiyo inayowapendeza. Mvua kubwa ya mfululizo huwaua wengi wakiwa wadogo.

Sasa angalia kalenda yake. Mayai huanguliwa ndani ya siku mbili hadi tano. Kiwavi huishi takribani wiki mbili hadi tatu. Kisha hujichimbia kwenye udongo, sentimita mbili au tatu tu chini, anageuka pupa, na baada ya siku saba hadi kumi na mbili anatoka nondo na kupaa.

Siku zake za mwanzo ni mdogo, wa kijani, huwezi kumwona ukiwa umesimama. Wanapokuwa wengi pamoja hubadilika rangi wakikua, wanakuwa weusi wenye mistari ya njano ubavuni, na hapo ndipo mtu anapiga simu. Lakini sehemu kubwa ya chakula anachokula maishani anakula katika siku zake chache za mwisho. Yaani ukimwona mweusi anatembea barabarani, amebakiza siku chache za kula, na sehemu kubwa ya hasara imeshatokea au inatokea saa hiyohiyo.

Sasa hesabu yangu ya mwaka wa kwanza ikawa wazi. Siku ya kwanza mama aliwaona weusi wakubwa. Siku ya nne kaka alipulizia. Siku ya tano hawapo. Hawakufa kwa dawa. Walikuwa chini ya miguu ya kaka, sentimita tatu udongoni, wanageuka pupa. Kwa jirani vilevile. Elfu sitini tulipulizia mabua.

Kiwavi wa pili: mpangaji asiyehama

Kiwavi wa mwaka wa pili ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda. Asili yake ni bara la Amerika. Afrika alithibitishwa mwaka 2016 katika nchi za magharibi, na mwaka 2017 alikuwa ameshaingia Tanzania. Ni ndugu wa yule wa kwanza, jenasi moja, na ndiyo maana akapewa jina la nyumbani na kuongezewa neno "vamizi". Shida ni kwamba kijijini lile neno la pili linadondoka. Wote wanabaki "jeshi".

Lakini tabia zake ni nyingine kabisa. Hatembei kundi kundi mara kwa mara kama yule wa kwanza. Anapenda sana mahindi, ingawa mtama na mimea mingine mingi anakula. Nondo jike hutaga mayai kwa fungu, mara nyingi 100 hadi 200, na kulifunika kwa manyoya mepesi kama ukungu. Viwavi wakianguliwa hukwangua jani upande mmoja, linabaki na madirisha meupe yanayopitisha mwanga. Wakikua kidogo huingia kwenye moyo wa mmea, pale majani mapya yanapochomoza, na kukaa humo. Kinyesi chake hujaa juu kama unga wa mbao uliolowa na kuziba mlango. Wakubwa hulana wenyewe kwa wenyewe, hivyo kwenye moyo wa mmea mara nyingi utakuta mmoja tu mkubwa.

Kwenye joto kama letu, kizazi kizima kutoka yai hadi nondo huchukua kama mwezi mmoja. Kizazi kinafuatwa na kizazi kwenye shamba lilelile, na kama kuna mahindi ya umwagiliaji bondeni wakati wa kiangazi, basi ana pa kuishi hata mvua zikikata. Huyu ndiye mama alikuwa anamsubiri aondoke, wakati yeye hana safari.

Jinsi ya kuwatofautisha kwa dakika moja

Ukipigiwa simu, omba picha. Kama simu ya nyumbani ni ya kitochi, uliza maswali haya:

Wako wapi? Wakiwa juu ya majani, kwenye nyasi za pembeni, njiani, wengi mno, huyo ni wa kwanza. Wakiwa wamejificha ndani ya moyo wa mahindi, na kuna uchafu kama unga wa mbao, huyo ni vamizi.

Wanakula nini? Wa kwanza hula jamii ya nyasi: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga na malisho ya ng'ombe. Akikuta alizeti, karanga au kunde anapita. Kama nyasi za malisho zimeisha na uwele umeisha lakini alizeti ya jirani imesimama salama, umeshapata jibu.

Ana alama gani? Mwambie aliyeko shambani amshike mmoja mkubwa. Vamizi ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba karibu na mkia, na kichwani ana alama nyeupe ya herufi Y iliyopinduliwa. Usiishie kichwani, kwa sababu ndugu yake naye anaweza kuwa na alama hafifu inayofanana. Angalia mraba wa mkiani.

Wamefika lini? Kama jana hawakuwepo na leo shamba ni jeusi, ni wa kwanza. Kama majani yamekuwa na matundu kwa wiki mbili sasa, ni wa pili.

Kama ni mgeni wa mvua

Kwa huyu, swali ni siku. Akiwa mdogo, wa kijani, chini ya sentimita moja na nusu hivi, dawa inafanya kazi na inafaa. Akishafika sentimita tatu, mweusi, ameanza kupungua kwenye majani, fukua udongo kidogo kwenye shina. Ukikuta pupa za kahawia zinazong'aa, weka hela mfukoni. Tumia hiyo hela kwa mbegu ya kurudishia, kwa sababu mahindi machanga yaliyoliwa majani tu mara nyingi huchipua tena kama mvua ipo, na mapengo yanaweza kujazwa na mtama au kunde.

Wapi pa kumwona akiwa mdogo? Si kwenye mahindi. Nenda kwenye nyasi changa za pembeni na malisho, chuchumaa, fungua majani kwa mkono. Wiki moja baada ya mvua kubwa ya kwanza ndiyo wiki ya kuchuchumaa.

Kuna msaada zaidi ya macho. Afrika Mashariki imekuwa na mitandao ya mitego ya nondo tangu miaka ya 1960, kwanza mitego ya taa, baadaye mitego ya harufu. Mtego wa harufu unatumia feromoni, yaani harufu ile ambayo nondo jike huitoa kumwita dume. Madume wanakuja, wananaswa, mtu anahesabu kila asubuhi. Kwa Tanzania kazi ya kukusanya hesabu hizo na kutoa utabiri iliendeshwa kutoka Tengeru, Arusha. Taabu ya utabiri wa taifa ni kwamba ukifika kijijini unaweza kuwa umechelewa, au unaongelea wilaya nzima wakati wewe unataka kujua kuhusu bonde lako.

Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 2000, jirani zetu wa Kilosa walijaribu kitu kingine. Vijiji vilipewa mtego na kipima mvua, wanakijiji wakachaguliwa na kufundishwa kuhesabu nondo na kusoma mvua, kisha kutangaza wenyewe kijijini. Nondo wakiwa wengi na mvua imenyesha, siku za hatari zinajulikana, watu wanaanza kukagua nyasi. Wazo la namna hiyo halihitaji digrii. Linahitaji mtu mmoja mwenye daftari na asiyechoka kuamka.

Na kwa wafugaji: malisho yaliyotoka kuliwa na viwavijeshi msiyarudie haraka. Kumeripotiwa ng'ombe kufa baada ya kulishwa kwenye nyasi za namna hiyo. Subirini zichipue vizuri.

Kama ni vamizi

Kwa huyu swali si siku tu, ni idadi. Na hapa ndipo nilipofurahi, maana ni somo langu.

Huwezi kukagua kila mche kwenye ekari tatu. Unachukua sampuli. Ingia shambani ukitembea kwa umbo la herufi W, simama sehemu tano, kila sehemu kagua miche kumi iliyofuatana bila kuchagua. Jumla hamsini. Hesabu miche yenye dalili mpya: madirisha kwenye majani machanga au kinyesi kibichi kwenye moyo. Matundu ya zamani kwenye majani makubwa usiyahesabu, hayo ni historia.

Miongozo ya kimataifa kwa wakulima wadogo inasema hivi: mahindi yakiwa machanga, fikiria kupulizia kama miche yenye dalili imefika karibu asilimia 20, yaani kumi kati ya hamsini. Yakiwa makubwa lakini hayajatoa mbelewele, ngoja hadi karibu asilimia 40. Yakishatoa mbelewele, dawa ya bomba la mgongoni haishauriwi tena, kwa sababu humfikii kiwavi na unajimwagia sumu usoni.

Watu wengi wanashangaa kusikia kwamba unaweza kuona viwavi na usipulizie. Lakini mahindi yana uwezo wa kurudisha majani, na macho yetu yanatisha kuliko mizani. Mwaka 2017 wakulima wa Ghana na Zambia walipoulizwa wanakadiria wamepoteza kiasi gani kwa kiwavi huyu, wastani ulikuwa karibu asilimia 45 Ghana na 40 Zambia. Watafiti walipokwenda kupima mashambani mashariki ya Zimbabwe, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2019, walipata upotevu wa karibu asilimia 12. Nchi ni tofauti na njia ni tofauti, kwa hiyo huwezi kutoa moja kwa nyingine kama mtihani wa darasa la tatu. Lakini inatosha kutukumbusha kuhesabu kwanza kabla ya kuogopa.

Kabla ya dawa yenyewe kuna kazi ya mikono. Kila siku chache, mtu apite akiponda mafungu ya mayai na viwavi wadogo. Wakulima wengi huweka majivu au mchanga mkavu kwenye moyo wa mmea, na kwa shamba dogo ni jambo la kujaribu. Panda mapema na kwa wakati mmoja, maana shamba lililopandwa kwa awamu linawapa chakula kichanga mfululizo. Changanya na kunde au maharage. Kuna pia mfumo wa sukuma-vuta ulioendelezwa na watafiti wa icipe, Nairobi: desmodiamu inapandwa katikati ya mistari kufukuza nondo, na nyasi za brakiaria pembeni kuwavuta. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 kutoka mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania yalionyesha viwavi wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa kila mmea. Kwa ukame wetu wa Dodoma inabidi kuchagua aina zinazovumilia jua, lakini si hadithi ya kubuni.

Mtu wa Mafia na siafu wake wa minazi

Nilipokuwa namweleza haya mshkaji wangu wa chumbani, mtu wa Mafia, alicheka. Akasema kwao mnazi una askari wake. Ukipanda mnazi wenye maji moto hutasahau siku hiyo, lakini mnazi huo unazaa.

Nikadhani ananitania. Kumbe maji moto, wale siafu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, kweli wanalinda mnazi dhidi ya kunguni anayefyonza nazi changa zikadondoka kabla ya kukomaa. Mtafiti Michael Way alilichunguza jambo hilo Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kunguni mwenyewe akabaki na jina lake, Pseudotheraptus wayi. Mkulima anayepulizia mnazi ovyo anaua askari wake mwenyewe, kisha anashangaa nazi zinadondoka.

Minazi imetoa pia mfano mkubwa zaidi, na safari hii ni wa kiwavi kabisa. Visiwa vya Fiji vilikuwa na nondo mdogo, Levuana, ambaye viwavi wake walikuwa wanakausha makuti ya minazi mpaka uchumi wa kopra ukatikisika. Mwaka 1925 aliletwa nzi kutoka Malaya anayetaga kwenye viwavi wa aina hiyo, na buu wake anamla kiwavi akiwa hai. Ndani ya miezi michache minazi ikaanza kupona. Habari hiyo ina upande wa pili: wataalamu wengi wanaamini nondo yule ametoweka kabisa duniani, na nzi yule hakuishia kwake peke yake. Rafiki wa kigeni anafaa kuletwa na watu wanaojua wanachofanya, si kwa mihemko.

Sisi habari njema ni kwamba marafiki wa mahindi wako tayari mashambani. Uchunguzi uliofanywa Ethiopia, Kenya na Tanzania mara tu baada ya vamizi kuingia ulikuta nyigu wadogo wa hapahapa wameshaanza kutaga ndani ya mayai na viwavi wake. Huwezi kuwaona vizuri, wengine ni wadogo kuliko mbu. Kiwavi mweusi naye ana maadui: korongo na ndege wengine wanaofuata makundi yake, nzi, nyigu, na kirusi kinachowafanya wanyong'onyee na kuning'inia kwenye majani wamegeuka majimaji. Ukikuta viwavi wengi wananing'inia hivyo, kazi imeshafanyika bila wewe. Dawa kali inayopuliziwa bila kuhesabu inawaondoa wote hawa, na kizazi kijacho cha kiwavi kinakuta uwanja mweupe.

Ikibidi dawa

Sisemi dawa ni mbaya. Nasema itumike siku yake na mahali pake. Nunua kwenye duka lililosajiliwa, chupa yenye lakiri na lebo yenye namba ya usajili. Usikubali ya kupimiwa kwenye chupa ya soda. Muulize muuzaji jina la kiwavi inayemuua, si "dawa ya viwavi" tu. Pulizia jioni au asubuhi mapema, kwa vamizi elekeza ndani ya moyo wa mmea. Fuata kipimo cha lebo, kwa sababu kuongeza kipimo hakumuui kiwavi mkubwa zaidi, kunakuua wewe polepole. Funika mdomo na pua, vaa mikono mirefu na buti, simama upande upepo unakotoka. Watoto na mjamzito wasiwe karibu. Chupa tupu toboa, usichotee maji. Msimu mmoja ukitumia aina moja, uliza aina yenye kiambato tofauti kwa mzunguko unaofuata, maana wadudu hawa huzoea.

Na toa taarifa. Afisa ugani wa kata akijua mapema, halmashauri inajua, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yaani TPHPA, yenye kazi ya kushughulikia milipuko ya visumbufu, inajua wapi pa kwenda. Kijiji kinachokaa kimya kinahesabiwa kuwa kiko salama.

Sisi wa bwenini tunafanya nini?

Tukubali ukweli mmoja. Nyumbani kwetu wengi, mwanafunzi wa chuo ndiye anayepigiwa simu. Anasoma sheria, anasoma uuguzi, anasoma IT, haijalishi, "wewe ndiye umesoma". Na sisi tuna namna mbili za kujibu: kutuma hela au kusema sina hela. Kati ya hayo mawili kuna jibu la tatu ambalo ni la bure. Uliza wako wapi, wana ukubwa gani, wanakula nini, ni wangapi kati ya hamsini. Majibu hayo manne yanaweza kuokoa elfu sitini, au yanaweza kukuambia uitume leo hii na si keshokutwa.

Januari iliyopita mama alipiga tena. Nilimwomba apite shambani kwa mwendo wa W. Alicheka kwanza, akauliza W ndiyo ipi, nikamwambia mama, ni kama mapaa mawili ya nyumba yaliyopinduliwa. Baada ya saa moja akapiga. "Kati ya hamsini, sita."

Nikamwambia apite na mdogo wangu wayaponde kwa mkono, waweke majivu kwenye ile sita na jirani zake, na tuhesabu tena Jumamosi. Jumamosi walikuwa wanne. Jumamosi iliyofuata watano. Hatukununua dawa. Tulivuna gunia kumi, kwa mvua ile ile ya kusuasua.

Sasa kila Jumamosi mama hanisubiri. Anatuma ujumbe mfupi wenye namba tu: "7". Nami najibu: "Ponda."